Ukikutana na Mnyama wa kweli, usimgeuzie mgongo

KATIKA soka letu neno "Mnyama" lina mwenyewe. Likitajwa kijiweni, Msimbazi wanachekelea na Jangwani wananuna. Klabu ilianzishwa 1936, ikapewa jina la Simba mwaka 1971, na tangu hapo kila ikifika wiki ya watani wa jadi hakosekani mtu wa kuapa kwamba safari hii Mnyama analiwa mzima mzima, na mwingine wa kumjibu kwamba Mnyama haliwi.

Afrika nzima iko hivyo. Senegal ni Simba wa Teranga, Cameroon ni Simba Wasiofugika, Morocco ni Simba wa Atlas. Kongo wanaitwa Chui, na kwa jina hilo ndiyo walicheza Kombe la Dunia 1974 enzi hizo nchi ikiitwa Zaire. Nairobi kuna AFC Leopards, Ingwe wenyewe. Hata Benin, ambao miaka yote walikuwa wanaitwa Kindi, mwaka 2022 walichoka kutaniwa wakajiita Duma.

Jezi ni jezi lakini. Tuje kwenye swali lenyewe. Basi la mashabiki linatoka Dar kwenda Mbeya, dereva anasimama mahali asipotakiwa kusimama, unashuka kuchimba dawa. Unainua kichwa, hatua 30 mbele yako kuna simba. Wa kweli. Unafanya nini?

Waulize watu 10 kijiweni, wengi watakujibu bila kufikiri: "Natoka nduki."

Hilo ndilo jibu linaloua watu.

MBIO HUZIWEZI

Tuanze na hesabu. Usain Bolt aliweka rekodi ya mita 100 pale Berlin mwaka 2009 kwa sekunde 9.58. Alipofika kwenye kasi yake ya juu kabisa alikuwa anakwenda karibu kilomita 44.7 kwa saa. Huyo ndiye binadamu mwenye kasi kuliko wote waliowahi kupimwa, na alikuwa amevaa viatu vya spaiki, juu ya tartani, mchana kweupe wala hana hofu na chochote.

Chui anakadiriwa kufika kilomita 58 kwa saa. Simba anapochomoka kwa umbali mfupi anapita kilomita 70. Duma ndiye usiseme, anakaribia 100. Hapa hakuna winga wa Ligi Kuu, hakuna wa Ulaya, hakuna Bolt. Ukiamua kushindana nao mbio, umepoteza kabla ya filimbi.

Na kuna jambo la pili ambalo ni baya zaidi ya kasi. Mchukue paka wa nyumbani kwenu. Weka kamba sakafuni imetulia, ataipita kama haioni. Iburuze kidogo, anairukia. Kamba ni ile ile, kilichobadilika ni kwamba sasa inakimbia. Simba na chui ni ukoo mmoja na huyo paka. Kitu kinachokimbia kinawaamsha, hata kama hapo mwanzo walikuwa na mpango wa kulala tu kivulini.

Kwa hiyo ukigeuka na kukimbia unafanya makosa mawili kwa mpigo. Umemwonyesha mgongo na umemwambia wewe ni kitoweo.

BEKI WA DAKIKA SITA

Oktoba 2020, katika korongo la Slate Canyon karibu na mji wa Provo, jimbo la Utah nchini Marekani, kijana wa miaka 26 alikuwa akifanya mazoezi ya mbio peke yake. Akaona wanyama wadogo njiani, akatoa simu awapige picha. Hakujua ni watoto wa puma, yule paka mkubwa wa milima ya Amerika, na kwamba mama yao yuko jirani.

Mama akatokea. Simu ikaendelea kurekodi, na ile video ikazunguka dunia nzima.

Itazame kwa jicho la soka na utaona kitu. Yule kijana hakukimbia. Kwa dakika zipatazo sita alirudi kinyumenyume, uso wake kwa puma muda wote, huku akipiga kelele na kumfokea. Puma alikuwa anamfuata, anaruka mbele miguu ya mbele imetanuka, anakoroma. Kila alivyoruka, kijana alijitutumua na kupaza sauti zaidi. Mwisho kijana akainama haraka, akaokota jiwe, akalirusha. Puma akageuka na kurudi kwa wanawe.

Sasa niambie, ile si kazi ya beki? Kila kocha wa mchangani anawafundisha vijana wake jambo lile lile. Winga mwenye mbio akikujia, usimvamie na usimgeuzie mgongo. Rudi nyuma taratibu, miguu ikiwa tayari, macho kwake, mcheleweshe, umpeleke unakotaka wewe mpaka wenzako warudi au yeye mwenyewe achoke. Beki anayejirusha hovyo anapitwa. Beki anayegeuka kukimbilia golini anapigwa chenga ya aibu.

Yule puma, kwa namna alivyokuwa anaruka na kuishia hapo hapo, hakuwa anawinda. Alikuwa anamfukuza mtu kwenye eneo lake la hatari. Kijana alimpa nafasi hiyo kidogo kidogo bila kumwonyesha mgongo, na wote wawili wakaondoka wazima.

Siyo kila mechi inaisha suluhu. Februari 2019, kwenye milima ya Horsetooth karibu na Fort Collins, jimbo la Colorado, mkimbiaji mwingine alisikia kitu nyuma yake, akageuka, akamwona puma mchanga anamjia. Alinyoosha mikono juu na kupiga kelele kama inavyoshauriwa, lakini puma akamrukia hivyo hivyo, akamng'ata kifundo cha mkono na kumrarua usoni. Wakabiringishana. Mkimbiaji alijaribu vijiti, akajaribu jiwe, mwisho akamkanyaga shingo kwa mguu mpaka akaisha pumzi. Kisha akashuka mlimani mwenyewe, damu zinamtoka, kutafuta msaada.

Somo la Colorado ni hili: ukirukiwa, pigana. Wala usijifanye umekufa. Paka mkubwa akikuona umelala anajua kazi imekwisha.

MACHO MGONGONI

Kwa nini mgongo ni jambo kubwa hivyo? Kwa sababu paka ni mvizia. Simba na chui wanategemea kuotea, tena kuotea kusikoonwa na mshika kibendera. Wananyata mpaka karibu kabisa, halafu ndiyo wanachomoka. Wakijua umewaona, nusu ya mpango wao imekufa.

Kuna ushahidi wa hili uliochapishwa mwaka 2020 kutoka eneo la Okavango nchini Botswana. Watafiti walifanya kazi na wafugaji ambao ng'ombe wao walikuwa wanaliwa na simba na chui. Kwa miaka minne walichora macho makubwa kwenye matako ya baadhi ya ng'ombe, wengine wakawachora alama ya msalaba tu, na wengine hawakuwachora kitu. Makundi yote yakachunga kule kule.

Matokeo: kati ya ng'ombe 683 waliochorwa macho, hakuna hata mmoja aliyeuawa na wanyama hao. Kati ya 835 ambao hawakuchorwa, 15 waliuawa. Kati ya 543 wenye msalaba, wanne waliuawa.

Rangi tu. Macho ya uongo kwenye tako la ng'ombe. Mnyama aliyekuwa ananyata akaona anatazamwa, akaghairi.

Sasa kama macho ya kuchora yanafanya kazi hiyo, macho yako mwenyewe je? Uso wako ndiyo ngao yako ya kwanza, nawe unaugeuza upande wa pili ili ukimbie.

MECHI IMEISHA, GIZA LINAINGIA

Hapa ndipo hadithi inapotuhusu Watanzania moja kwa moja, na wapenda soka zaidi.

Nchi yetu ndiyo yenye simba wengi kuliko nchi yoyote Afrika. Tunajivunia, watalii wanakuja, hela inaingia. Lakini simba hasomi ramani ya hifadhi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya Watanzania 563 na kujeruhi wasiopungua 308. Mikoa ya kusini, Lindi hasa, na maeneo ya Rufiji ndiyo yaliyoumia sana.

Wa Rufiji hawajasahau. Kati ya 2002 na 2004 simba mmoja, ambaye watu walimbandika jina la Osama, alihusishwa na vifo vya watu zaidi ya 30 katika vijiji kadhaa. Alipouawa Aprili 2004 alikutwa ana jipu kubwa chini ya jino la gego.

Watafiti walieleza pia kwa nini watu wa kule wanashambuliwa. Msimu wa mavuno nguruwe pori wanaingia mashambani. Wakulima wanahamia kwenye vibanda vya shambani na madungu kulinda mazao. Simba anakuja kumfuata nguruwe, anamkuta mtu.

Na wakati gani? Utafiti mwingine uliotoka 2011, ulioangalia mashambulizi ya Tanzania kuanzia 1988 mpaka 2009, ulionyesha kwamba mengi yalitokea usiku wa mapema, kuanzia jua linapozama hadi kama saa 4 usiku. Tena hatari ilipanda zaidi siku zile zinazofuata baada ya mwezi mpevu, kwa sababu mwezi unachelewa kutoka na jioni inakuwa giza totoro. Simba naye, ambaye usiku wa mbalamwezi anawinda kwa shida kwa kuwa swala wanamwona, anakuwa na njaa.

Tulia hapo kidogo. Mechi zetu za vijijini zinaanza saa ngapi? Saa 10 jioni, ikichelewa saa 10 na nusu. Zinaisha karibu na saa 12. Hapo kuna ubishi wa penalti, kuna kugawana mbuzi wa ubingwa, kuna kusubiriana. Vijana wanaanza safari ya kurudi kijiji cha pili saa moja usiku, kwa miguu, njia ya mkato, katikati ya mahindi au mtama uliokomaa. Wengine wametangulia wawili wawili, mwingine kabaki nyuma peke yake anafunga kamba za viatu.

Saa ile ile tunayoipenda kwenye soka ndiyo saa ya Mnyama kuingia uwanjani. Ratiba zimegongana.

Dawa yake haihitaji bajeti ya shirikisho. Kamati ya ligi ya kijiji inaweza kuanzisha mechi saa 9 alasiri msimu wa mavuno. Mazoezi yakaisha saa 11 na nusu. Timu ikaondoka pamoja, wadogo katikati, tochi mbele na tochi nyuma, watu wakiimba. Kelele za mashabiki zinazowaudhi wenye nyumba huku mjini, kule porini ni ulinzi.

MIKUMI SIYO STENDI

Turudi kwenye lile basi. Barabara kuu ya kutoka Dar kwenda Iringa na Mbeya inapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, kwa karibu kilomita 50. Timu za Dar zikienda kucheza Sokoine zinapita hapo, na mashabiki na mabasi yao wanapita hapo hapo, mara nyingi usiku, mara nyingi na vinywaji tumboni.

Kwenye basi la mashabiki kuna demokrasia ya ajabu. Mmoja akisema "dereva, simama tuchimbe dawa", watu 20 wanaitikia. Dereva akikataa anatukanwa. Akisimama, watu wanatawanyika kwenye nyasi, kila mmoja na kona yake, simu mkononi, kichwa chini. Nyasi hizo ndizo wanazolalia simba. Chui naye yupo, na chui unaweza kumpita karibu kabisa usijue.

Ile ni hifadhi, na kushuka hovyo hakuruhusiwi. Maliza shughuli zako Morogoro, au vumilia mpaka mji wa Mikumi. Ukiona mnyama, mtazame ukiwa ndani, vioo vimefungwa. Hiyo selfi ya kuposti kwenye grupu la tawi haina thamani ya mguu.

Wakenya wana mfano wake. Nairobi ina hifadhi ya taifa tangu 1946, eneo la kilomita za mraba 117 lililobanana na jiji. Machi 18, 2016, simba mmoja alitoka akaonekana anatembea Barabara ya Mombasa, asubuhi, magari yamejaa. Badala ya watu kumpisha, honi zikapigwa, simu zikatolewa. Simba akachanganyikiwa, akamjeruhi mwanaume mmoja. Siku 12 baadaye simba mwingine, Mohawk, aliyekuwa maarufu kwa wageni wa hifadhi ile, alikutwa mbali huko Isinya, Kajiado, watu wamemzunguka. Naye akajeruhi mtu, akapigwa risasi akafa. Wengi walilia kwa ajili ya Mohawk, na walikuwa na sababu. Umati uliomzunguka ndio uliomfungia njia ya kutokea.

Lakini Kenya hao hao wametuonyesha kwamba inawezekana. Kila mwaka mwezi Juni, tangu 2000, kuna mbio za marathoni ndani ya hifadhi ya Lewa, mbele ya Mlima Kenya. Watu wanakimbia kilomita 21 au 42 mahali wanapoishi simba, tembo na faru. Siri ni maandalizi. Askari wenye silaha wanapangwa njiani, helikopta na ndege ndogo zinazunguka juu kuangalia wanyama wako wapi na kuwasogeza mbali kabla wakimbiaji hawajafika. Pale kukimbia kunaruhusiwa kwa sababu kuna watu wanaolinda mgongo wako. Wewe wa kuchimba dawa Mikumi hauna helikopta.

MBINU ZA MCHEZO

Kwa hiyo ikitokea, Mungu aepushe, umekutana naye ana kwa ana, huu ndio mchezo wenyewe.

Kwanza, simama. Sekunde mbili za kwanza ndizo ngumu kwa sababu miguu inataka kuondoka yenyewe. Ikatalie.

Pili, mwelekee. Uso na kifua vimtazame yeye. Kwa simba, usiyatoe macho kwake. Kwa chui kuna tofauti ndogo: usimkodolee macho kwa kumtunishia, maana anaweza kuona umemchokoza. Jua yupo wapi, mpe njia, ondoka zako polepole. Mara nyingi chui anachotaka ni usijue kwamba alikuwepo.

Tatu, kuwa mkubwa. Nyoosha mikono, tanua koti au jezi, inua begi juu ya kichwa. Usichuchumae. Kama una mtoto, mbebe, lakini usiinamie chini muda mrefu.

Nne, kama mko wengi, jikusanyeni bega kwa bega kama ukuta wa frikiki. Anayechomoka kwenye ukuta ndiye anayefungisha. Pigeni kelele, sauti nzito, makofi, fimbo.

Tano, rudini kinyumenyume taratibu, mkimwachia njia ya kutokea. Ukiona watoto wake, hapo ndipo usipotaka kuwa katikati yao na mama yao. Ondoka ulikotoka, usizunguke. Akichomoka kuelekea kwenu kisha akasimama, anawapima. Nanyi simameni, pazeni sauti, akitulia ndiyo mwendelee kurudi.

Sita, akikurukia, pigana kwa chochote ulichonacho. Linda shingo. Puani na machoni ndiko kwenye maumivu.

Saba, ukishatoka salama, usiende kukusanya kijiji na mapanga. Toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji na askari wa wanyamapori, wao wana silaha na uzoefu. Umati unaomfuata simba aliyechokozwa ndio unaozalisha majeruhi wengine.

Hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba ukifuata yote haya utashinda. Mkimbiaji wa Colorado alifuata, bado alirudi na majeraha. Ila yule anayekimbia anampa Mnyama bao la bure.

Serikali ina malipo kwa familia zilizoumizwa na wanyamapori. Yanaitwa kifuta jasho na kifuta machozi, na majina hayo ni ya kweli kabisa, kwa sababu machozi yanafutwa na mtu harudi. Kijana wa namba 7 aliyefunga mabao mawili jioni, mama yake anamtaka nyumbani usiku ule ule.

Kwa hiyo viongozi wa timu za vijijini kule Rufiji, Lindi na kwingine kote wanakosikia ngurumo usiku, mkikaa kupanga ratiba ya msimu huu wa mavuno, kabla hamjagombania nani anaanzia nyumbani, angalieni jua linazama saa ngapi na mwezi unatoka lini.